MAANA YA NENO "METRO" NA MATUMIZI YAKE

Wasomaji, mara kwa mara twakutana na neno "metro" katika magazeti, na katika barua za ndugu zetu walio ng'ambo kwa kazi au kwa masomo. Mmoja aandika, "Kila asubuhi naenda kazini kwa metro." Mwingine aandika, "Nyumba yangu iko karibu na stesheni ya metro." Huku nyumbani watu husoma barua hizo, nao huulizana maana yake. Wako wasemao kwamba metro ni reli ipitayo chini ya ardhi, basi. Wako wadhanio kwamba ni namna nyingine ya kutamka mita, yaani kipimo cha urefu. Tena wako wasemao kwamba ni jina la jiji kubwa.

Kila mmoja wa hao ana sababu yake. Walakini asiyelijua neno vizuri huweza kupotea njia, wala si katika kusoma tu, bali katika kutembea pia. Kijana aliyeambiwa kwamba metro ni reli ya chini ya ardhi akifika mji wa Dubai, ataanza kutafuta shimo la kushukia, kumbe gari analolitafuta linapita juu ya kichwa chake. Kwa hiyo yafaa tulichungue neno hili kwa utaratibu: kwanza asili yake, pili jinsi lilivyoingia katika reli, tatu maana yake hasa, nne ndugu zake katika lugha nyingine, na tano jinsi ya kulitumia katika Kiswahili.

1. ASILI YA NENO

"Metro" ni kipande tu cha neno refu, "metropolitan". Neno hilo latokana na maneno mawili ya Kiyunani cha kale: "meter", maana yake mama, na "polis", maana yake mji. Zamani za kale watu walipozidi katika mji mmoja wa Wayunani, baadhi yao walipanda merikebu wakaenda kujenga mji mpya ng'ambo ya bahari. Mji ule waliotoka wakauita "metropolis", yaani mji mama. Baadaye maana ikapanuka, na kila mji mkubwa uliokuwa kichwa cha nchi au cha jimbo ukaitwa hivyo. Hata katika makanisa ya zamani, askofu wa mji mkuu wa jimbo aliitwa metropolitani.

Sehemu ya pili ya neno hilo si ngeni kwetu kama tudhanivyo. Neno "polisi", ambalo kila mtu hulijua hata katika kijiji cha mbali, ni la ukoo huo huo wa "polis", kwa kuwa tangu asili lahusu utaratibu wa mji. Kadhalika mji wa Tripoli, katika nchi ya Libya, jina lake maana yake ni miji mitatu.

Sasa msomaji na aangalie vema. Tumeona mama, tumeona mji. Hatukuona ardhi, wala chini, wala reli, wala gari. Jambo hili ndilo ufunguo wa somo letu lote: katika asili ya neno "metro" hamna lolote lisemalo juu ya mambo ya chini ya ardhi.

Na je, mita? Mita yatokana na neno jingine la Kiyunani, "metron", maana yake kipimo. Maneno hayo mawili, "meter" na "metron", yafanana masikioni mwetu, lakini Wayunani wenyewe waliyaandika kwa herufi mbalimbali. Ni kama watu wawili wenye majina yanayokaribiana, ambao hawana undugu. Mita hupima kitambaa na shamba. Metro huchukua watu.

2. JINSI NENO LILIVYOINGIA KATIKA RELI

Habari hii yaanza katika mji wa London, nchi ya Uingereza, kati ya miaka ya 1830 na 1860. Wakati huo reli zilikuwa zikifika London kutoka pande zote za nchi, lakini stesheni nyingi zilijengwa kandokando ya mji, kwa sababu katikati palijaa nyumba. Abiria akishuka, alilazimika kuingia mjini kwa miguu au kwa gari la farasi, na njia zilikuwa zimesongamana magari, mikokoteni na watu hata kupita ni shida.

Palikuwa na mwanasheria wa halmashauri ya City ya London, jina lake Charles Pearson. Bwana huyo alishikilia kwa miaka mingi kwamba dawa ya msongamano ni kupitisha reli chini ya barabara. Wengi walimcheka. Hatimaye kampuni ikaundwa, ikaitwa "Metropolitan Railway", yaani Reli ya Jiji Kuu. Kazi ilifanywa hivi: mafundi walichimba barabara kama watu wachimbavyo mtaro mkubwa, wakajenga kuta za matofali pande mbili, wakaweka paa la matofali, kisha wakafukia na kurudisha barabara juu yake. Tarehe 10 Januari 1863 reli hiyo ilifunguliwa kwa abiria, toka Paddington hata Farringdon, mwendo wa kilometa 6 hivi. Ndiyo reli ya kwanza duniani ya kuchukua abiria chini ya ardhi ya mji. Pearson hakuiona siku hiyo, maana alifariki mwezi wa Septemba 1862.

Magari hayo ya kwanza yalivutwa kwa mvuke. Basi, ikiwa kuna mahali palipostahili kabisa neno letu "gari la moshi", ni pale; kwa kuwa moshi ulijaa katika handaki, nao haukuwa na pa kutokea ila katika stesheni na matundu machache. Abiria walikohoa, walakini walipanda, kwa sababu walifika upesi. Mwaka wa 1890 ilifunguliwa London reli nyingine, iliyopita ndani sana chini ya ardhi na chini ya mto Thames, nayo ilivutwa kwa umeme. Tangu hapo ikadhihirika kwamba umeme ndio ufaao kazi hii.

Jambo la kukumbuka ni jina lile. Wenye kampuni hawakuiita reli yao kwa udongo uliopitiwa, bali kwa jiji lililotumikiwa.

Kutoka London neno likavuka bahari nyembamba likafika Ufaransa. Tarehe 19 Julai 1900 mji wa Paris ulifungua reli yake, iliyojengwa chini ya uangalizi wa mhandisi Fulgence Bienvenüe. Kampuni iliyoiendesha iliitwa Kampuni ya Reli ya Jiji Kuu la Paris, na juu ya milango ya kushukia, iliyofanyizwa kwa chuma na fundi stadi Hector Guimard, liliandikwa neno "Métropolitain". Lakini mtu aendaye kazini asubuhi hana nafasi ya kutamka neno refu hivyo. Watu wa Paris wakalikata, wakabakiza kichwa tu: "métro".

Msomaji asistaajabu. Kukata maneno ni desturi ya watu wote, nasi tumo. Sokoni twasema, "Nipe kilo mbili za sukari." Kilo kwa asili ni Kiyunani, maana yake elfu, neno kamili ni kilogramu, yaani gramu elfu. Tumetupa gramu tukashika elfu, wala hapana muuza duka asiyefahamu. Kadhalika gari liitwalo basi. Jina lake la kwanza huko Ulaya lilikuwa "omnibus", neno la Kilatini, maana yake "kwa ajili ya wote". Watu wakatupa mwili wa neno wakashika mkia, "bus", nasi tukaupokea mkia huo tukaufanya "basi". Katika "metropolitan" kilibaki kichwa, na katika "omnibus" ulibaki mkia. Hata juzi katika mji wa Dar es Salaam, mabasi yaliyopewa njia yao wenyewe na kuanza kazi mwaka wa 2016 yalikuwa na jina la serikali, Mabasi Yaendayo Haraka. Lakini watu walichagua neno moja, "mwendokasi", na hilo ndilo lililoshika. Ofisi huandika jina, na watu hulipitisha au hulikataa.

Basi neno "metro" likaanza safari yake kutoka Paris. Madrid, nchi ya Hispania, ililipokea mwaka wa 1919. Moscow, nchi ya Urusi, ililipokea mwaka wa 1935. Washington, katika Marekani, mwaka wa 1976. Cairo, nchi ya Misri, ilifungua metro yake mwaka wa 1987, nayo ndiyo ya kwanza katika Afrika. Na Algiers ikafuata mwaka wa 2011. Hata Uingereza, lilikozaliwa neno lenyewe, wenyeji wa Newcastle na miji ya jirani waliliita gari lao Metro lilipofunguliwa mwaka wa 1980, neno likawa kama mtoto aliyelelewa ugenini akarudi nyumbani na jina fupi.

Na London je? Watu wa London hawasemi metro. Kampuni ya Metropolitan iliingizwa katika shirika moja la uchukuzi wa mji mwaka wa 1933, nayo ikakoma kuwa kampuni. Walakini mojawapo ya njia za reli yao huitwa Metropolitan hata leo. Reli nzima huiita "Underground", yaani Chini ya Ardhi, au "Tube", yaani Bomba, kwa sababu njia zake za ndani sana ni mviringo kama bomba.

3. MAANA YAKE HASA

Sasa twaweza kuuliza: metro ni kitu gani? Mtu akitaka kujua kama reli fulani yastahili jina hilo, na atazame alama nne.

Alama ya kwanza ni mji. Metro ni ya jiji na vitongoji vyake. Kazi yake ni kumtoa mtu mtaa huu na kumfikisha mtaa ule, wala si kumpeleka jimbo jingine.

Alama ya pili ni njia yake pekee. Metro haikutani na magari ya barabarani, wala haikatizwi na barabara, wala haisimami kungoja punda apite. Hii ndiyo alama kubwa kuliko zote. Ili kuipata njia hiyo, wajenzi wana hila tatu: kupita chini ya ardhi, kupita juu ya nguzo, au kuzungushia reli ukuta au uzio ardhini. Kuchimba ni hila moja tu katika hizo.

Alama ya tatu ni wingi wa safari. Katika metro abiria hatazami saa ya kuondoka kama atazamavyo msafiri wa reli ya bara. Hufika stesheni akangoja dakika chache, na treni yaja. Akiikosa, nyingine iko nyuma yake.

Alama ya nne ni wingi wa watu. Treni yenye mabehewa kadhaa huchukua abiria mamia kwa safari moja, na milango yake ni mingi na mipana, ili watu washuke na kupanda upesi.

Tukizishika alama hizo, mambo mengi yatafumbuka. Tutazame mifano.

Reli ya London yaitwa Chini ya Ardhi, lakini zaidi ya nusu ya urefu wake yapita wazi, kwenye jua na mvua. Metro ya Paris yapita chini kwa sehemu kubwa, lakini katika njia ya pili na ya sita abiria huinuliwa juu ya nguzo akaona madirisha ya ghorofa. Metro ya Dubai ilifunguliwa tarehe 9 Septemba 2009. Sehemu kubwa yake yapita juu ya nguzo, na ni stesheni chache tu zilizo chini ya ardhi. Metro ya Doha, mji mkuu wa Qatar, ilifunguliwa mwaka wa 2019, na sehemu yake kubwa yapita chini ya ardhi. Miji hiyo miwili ni ya ghuba moja, na watu wetu wengi wamekwenda kufanya kazi huko na huko. Neno ni moja, metro. Walakini mmoja apanda ngazi kwenda juu, na mwenzake ashuka ngazi kwenda chini. Amwelekezaye ndugu yake na akumbuke tofauti hiyo.

Tutazame sasa upande wa pili: mambo yaliyo chini ya ardhi ambayo si metro. Katika nchi ya Kenya, reli mpya iliyofunguliwa mwaka wa 2019 kutoka Nairobi kuelekea Naivasha yapita katika handaki la Ngong, lenye urefu wa karibu kilometa 4 na nusu. Abiria humo yuko chini ya ardhi bila shaka, tena kwa muda mrefu. Je, amepanda metro? La. Reli hiyo ni ya safari ndefu, nayo iliingia chini kwa sababu ya kilima, si kwa sababu ya mitaa ya mji. Vivyo hivyo reli iliyofunguliwa Addis Ababa mwaka wa 2015 ni ya mjini, lakini wenyewe huiita reli nyepesi, ambayo ni ndugu mdogo wa metro: mabehewa yake ni machache, na abiria wake kwa safari moja ni haba kuliko wa metro.

Basi tukubali hukumu hii: reli yaweza kuwa metro bila kuingia chini ya ardhi, na yaweza kuingia chini ya ardhi bila kuwa metro.

4. NDUGU ZAKE KATIKA LUGHA NYINGINE

Miji mingine haikulipokea neno la Paris, bali ilijichagulia neno lake. Hapo wengi walitazama udongo. Msafiri na ayajue majina hayo, maana ndiyo aandikiwayo juu ya milango.

Budapest, katika Hungaria, ilifungua reli yake mwaka wa 1896, ikaiita "földalatti", yaani ya chini ya ardhi. Wajerumani walisema "Untergrundbahn", maana yake ni hiyo hiyo, nao wakaikata kuwa "U-Bahn". Ndiyo sababu mlango wa stesheni mjini Berlin una herufi kubwa U. Hata hivyo njia ya kwanza ya Berlin, iliyofunguliwa mwaka wa 1902, kwa sehemu kubwa ilipita juu ya nguzo! Stockholm, katika Uswidi, ilifungua yake mwaka wa 1950 ikaiita "tunnelbana", njia ya mahandaki, nayo alama yake ni herufi T. Buenos Aires, katika Argentina, ilifungua yake mwaka wa 1913. Neno lao lilikuwa "subterráneo", la chini ya ardhi, nalo limekatwa likabaki "subte". Wajapani, walioanza Tokyo mwaka wa 1927, husema "chikatetsu", na ndani yake mna ardhi, chini na chuma. Wachina, walioanza Beijing mwaka wa 1969, husema "ditie", yaani chuma cha ardhini.

Neno moja lataka uangalifu zaidi, nalo ni "subway". Katika New York, iliyofungua reli yake mwaka wa 1904, subway ndiyo metro yao, ijapokuwa sehemu kadhaa za reli hiyo zapita juu ya nguzo za chuma. Katika London neno hilo hilo maana yake ni njia ya miguu ipitayo chini ya barabara. Mgeni akiuliza London kwa Kiingereza cha New York, huenda akaelekezwa chini ya barabara akatokea upande wa pili, wala asione treni. Tena huko Glasgow, ambako si mbali na London kama New York, subway ndilo jina la reli yao iliyofunguliwa mwaka wa 1896. Mwaka wa 1936 wakuu wa mji waliibadili jina ikawa Underground kwa kufuata London. Lakini mwaka wa 2003 jina la Subway likarudishwa, nalo ndilo walilopenda wenyeji.

Na Misri wana habari yao. Kabla ya kuwa na reli ya chini, watu wa Cairo walikuwa wakiita metro ile tramu iliyokwenda kitongoji cha Heliopolis, ambayo ilipita juu ya ardhi. Basi reli mpya ilipokuja mwaka wa 1987, neno lilikuwa limekwisha kaliwa. Walifanyaje? Waliiita "mitru al-anfaq", yaani metro ya mahandaki, ili ipambanuliwe na ile ya kwanza. Hapa twaona ushahidi dhahiri wa somo letu. Kama neno metro lingekuwa na maana ya chini ya ardhi ndani yake, Wamisri wasingekuwa na haja ya kuongeza mahandaki.

5. JINSI YA KULITUMIA KATIKA KISWAHILI

Wako wapendao kutafsiri metro kila mahali kwa "reli ya chini ya ardhi". Maneno hayo ni Kiswahili safi, nami sina neno nayo yakitumika mahali pake. Lakini hayo ni maelezo ya hali, si jina la kitu. Tukiyafanya jina, tutajikuta tukiandika "reli ya chini ya ardhi ya Dubai hupita juu ya nguzo", na msomaji atatucheka. Kwa hiyo naona yafaa kufuata kanuni hizi.

Kanuni ya kwanza. Tutumie "metro" kuwa jina la reli ya jiji yenye zile alama nne, iwe chini au juu. Neno hili ni jepesi kwa ulimi wetu, laishia kwa irabu kama maneno yetu, wala halihitaji kubadilishwa.

Kanuni ya pili. Tutumie "reli ya chini ya ardhi" tunapotaka kueleza mahali reli ipitapo, au tunapofasiri majina kama Underground na U-Bahn, ambayo ndivyo yasemavyo. Mfano: "Metro ya Doha hupita chini ya ardhi kwa sehemu kubwa."

Kanuni ya tatu. Tusiseme "reli ya chini kwa chini". Katika Kiswahili, jambo lifanywalo chini kwa chini ni jambo la siri, la kufichwafichwa. Reli ya namna hiyo ingekuwa ya walanguzi, si ya abiria wenye tiketi.

Kanuni ya nne. Neno metro lifuate upatanisho wa maneno kama reli na treni. Tutasema: metro hii, metro hizi, metro ya Paris, metro za Ulaya, metro imefunguliwa, metro zimefunguliwa.

Kanuni ya tano. Tupambanue vitu vitatu. Metro ni reli nzima ya jiji pamoja na stesheni zake. Njia ya metro ni mstari mmoja kati ya mistari yake, ambao mara nyingi huwa na rangi au tarakimu yake. Treni ya metro ni gari lenyewe lipandwalo. Kwa hiyo ni sawa kusema, "Metro ya Paris ina njia nyingi," na, "Treni ya metro imeondoka." Mtu akisema, "Nilipanda metro tatu," hatufahamu kama alitembelea miji mitatu, au alibadili njia tatu, au alipanda treni tatu.

Kanuni ya sita. Tusiseme "gari la moshi" kwa metro, kwa kuwa zaendeshwa kwa umeme. Neno gari la moshi ni zuri, nalo limetutumikia tangu babu zetu walipoona moshi kwa mara ya kwanza. Lakini hata kwetu mambo yamebadilika: mwaka wa 2024 treni za umeme zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, nazo hazina moshi hata kidogo. Kwa treni kama hizo neno "treni" latosha.

Kanuni ya saba. Mtu amwandikiaye mgeni maelekezo na aandike jina kama lilivyo juu ya mlango wa stesheni ya mji ule, kisha aeleze kwa Kiswahili. Mfano kwa aendaye London: "Tafuta duara jekundu lenye neno Underground, ndiyo reli ya mji." Kwa aendaye Berlin: "Tafuta herufi U." Kwa aendaye Dubai: "Tazama juu; stesheni iko juu ya nguzo, panda ngazi." Maneno machache ya namna hiyo humwokoa mgeni na usumbufu wa saa nzima, na pengine fedha ya teksi. Kuuliza si ujinga, lakini mwulizaji hana budi kujua neno la kuulizia.

6. MAZOEZI

Sahihisha sentensi hizi, kisha tazama masahihisho yaliyo chini yake.

(a) Shamba langu lina urefu wa metro mia mbili.
(b) Nilipokuwa nikienda Naivasha nilipanda metro, kwa maana tulipita katika handaki la Ngong.
(c) Metro tatu zakutana katika stesheni hii.
(d) Dubai kuna reli nzuri ya chini kwa chini.
(e) Metro maana yake ni chini ya ardhi.

Masahihisho: (a) Sema mita mia mbili; metro haipimi shamba. (b) Sema treni. Handaki halifanyi reli kuwa metro. (c) Sema njia tatu za metro. (d) Sema metro nzuri. Ukitaka kueleza zaidi, sema kwamba sehemu kubwa yapita juu ya nguzo. (e) Metro ni kifupi cha neno lenye maana ya mji mama, yaani jiji kuu, ardhi haimo.

Mwalimu akipenda aweza kuwapa wanafunzi zoezi moja zaidi: watafute maneno matano ya kigeni yaliyokatwa na kuingia katika Kiswahili, kama kilo na basi, nao waeleze ni sehemu gani iliyobaki, kichwa au mkia. Watakapoyachungua wataona kwamba maneno mengi tuyatumiayo kila siku yametoka mbali, nayo yafaa kuulizwa habari za kwao kabla ya kutumwa kazi.